Ngozi Iliyolishwa Asali

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, katikati ya majira ya baridi ya kusini mwa dunia. Sakitu ilianguka usiku kucha, na asubuhi uwanja wa maonyesho ya mifugo wa Tarrowee ulikuwa mweupe kama uliomwagiwa chumvi. Maji yaliganda kwenye hori za ng'ombe. Upepo wa kusini ulipita katikati ya mahema bila kubisha hodi.

Gwenda Pascoe alikuwa amekwisha kuamka. Alivaa gauni la sufu la mtindo wa miaka mia sita iliyopita, na ndani yake suruali mbili za kisasa ambazo mtazamaji hangeziona. Aliwasha jiko la gesi nyuma ya gari, akateleka birika, kisha akasimama kimya akisikiliza. Kwa miezi minane sasa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kila siku, kusikiliza. Ndani ya hema mumewe, Denzil, alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha vipande vipande, kama shoka butu juu ya kuni mbichi. Kilipokoma, Gwenda alifumba macho akasali sala yake fupi.

"Bwana, mpe pumzi ya leo. Ya kesho nitakuja kuiomba kesho."

Denzil alitoka amejifunga blanketi. Alikuwa mtu mkubwa wa miaka sitini na minne, lakini tangu Krismasi nguo zilikuwa zikimning'inia mwilini kana kwamba ni za kaka yake.

"Umeshaanza kunisemea huko juu?" aliuliza.

"Kunywa chai."

"Mwambie basi apunguze na huu upepo. Zumari haipendi baridi."

"Mwambie mwenyewe. Mdomo unao."

"Mdomo ninao. Pumzi ndiyo naiweka akiba."

Alisema kwa mzaha, lakini katikati ya maneno hayo machache alisimama mara mbili kuvuta hewa.

Walikuwa kundi la watu watatu. Denzil alipuliza zumari ya mfuko, Gwenda alipiga ngoma na kuimba, na Marek Sobol, fundi bomba aliyeishi mtaa mmoja nao, alizungusha kinanda cha gurudumu, kile ambacho unazungusha mkono wake na gurudumu linasugua nyuzi zikalia kama nyuki ndani ya mzinga. Walipiga muziki wa zamani sana, wa kabla ya bunduki na kabla ya saa za ukutani, na waliupiga mahali ambapo hakuna aliyeufuata. Watu walikuja Tarrowee, kwenye tamasha la kuigiza enzi hizo, kula nyama ya nguruwe ya kuchoma na kutazama wanaume waliovaa chuma wakipigana mapanga. Wakiwa njiani kati ya nyama na mapanga, wengine walinaswa. Mtu alipita na soseji yake mkononi, mguu wake ukaanza kugonga chini bila ruhusa yake, akasimama. Denzil aliishi kwa ajili ya mguu huo. Alikuwa amefundisha useremala shuleni kwa miaka thelathini, na hakuna aliyemkumbuka kwa meza hata moja. Lakini huko uwanjani wageni walisimama kwa sababu yake, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tano.

Gwenda aliyajua hayo yote, na ndiyo maana alisema uongo.

Ilikuwa wiki mbili zilizopita, mjini, kwa daktari wa mapafu. Picha zilionyesha makovu meupe kila upande, na daktari, mwanamke mpole mwenye kalamu shingoni, hakujua yalikotoka. Aliuliza maswali kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Mnafuga njiwa? Hapana. Kasuku? Hapana. Mzee anashika nyasi kavu, au mbao zilizooza? Hapana. Mna kiyoyozi cha zamani nyumbani? Hapana. Kisha akauliza, "Anapuliza chombo chochote cha muziki?"

Denzil alikuwa kitandani nyuma ya pazia akivaa shati. Alikuwa amemwomba Gwenda ndani ya gari, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo: wakijua napuliza, watanikataza. Nipe Tarrowee, Gwen. Nipe Tarrowee tu, halafu nitawaambia mwenyewe.

"Sisi tunapiga ngoma," Gwenda alijibu.

Kwa upande wake ilikuwa kweli. Daktari aliandika, akafunga faili, akasema basi hakuna njia ila kumfungua ubavu na kukata kipande cha pafu wakitazame. Siku iliwekwa, Alhamisi baada ya tamasha la Tarrowee. Alisema pia, bila kuficha, kwamba kwa mapafu kama hayo kisu chenyewe ni hatari.

Jumapili iliyofuata kanisani, sahani ya mkate wa ushirika ilipomfikia, Gwenda aliipitisha kwa jirani bila kuchukua. Hakuna aliyemwuliza. Alikaa na mikono yake mapajani kama mtu aliyekuja kumsubiri mwingine.

Onyesho la kwanza lilikuwa saa nne asubuhi. Jukwaa lilikuwa tela la kubebea nyasi, limefunikwa gunia. Sakitu ilikuwa imeyeyuka ikaacha matope, na watu walipita wakiwa wameshika vikombe vya moto kwa mikono miwili. Denzil aliikumbatia zumari yake chini ya kwapa, ngozi nzima ya mbuzi yenye mabomba mawili ya mbao begani, akaipuliza ikajaa, ikanguruma.

"Mzee!" kijana mmoja mwenye pai ya nyama alipaza sauti. "Huyo mnyama amekufa, au ndiyo anakufa sasa hivi?"

"Alikuwa mzima mpaka alipokuona wewe!" Denzil alimjibu.

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto akauliza, "Nyie Waskoti, wale wapuliza zumari?"

"Hapana, bibie," Marek alisema. "Waskoti walichelewa kuamka. Sisi tulitangulia."

Walianza na ngoma ya mviringo, ile inayorudi ilikotoka kila mara na kila mara ikaongeza hatua moja. Miguu ikaanza kugonga. Kijana wa pai akasimama kweli, pai ikapoa. Gwenda aliutazama uso wa mumewe ukijaa damu, macho yakimtoka, na akapiga ngoma kwa nguvu zaidi ili ajaze mapengo, kwa maana mapengo yalikuwepo. Sauti ya zumari ilikuwa ikishuka kila baada ya kipande kidogo, kama mtu anayesinzia na kushtuka. Denzil alipuliza mara mbili pale ambapo zamani alipuliza mara moja. Wimbo wa tatu haukufika mwisho.

"Mfuko unavuja," alisema walipokwenda nyuma ya tela, akiwa ameinama na mikono magotini. "Si mimi. Mfuko. Kwenye shingo. Nausikia... unanipulizia kidevuni."

"Lete," Marek alisema. "Kuziba mabomba ndiyo kazi inayonilisha. Saa nane tunapiga tena, tuna muda."

Ngozi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kuzunguka kipande cha mbao kinachoshika bomba la kupulizia. Fundo hilo lilifungwa miaka ishirini na mitano iliyopita, Denzil alipoitengeneza zumari, na halijafunguliwa tangu hapo. Hakukuwa na sababu. Watu wa zumari wana desturi yao, nao huambiana kwa sauti ya dini: mfuko mkavu ni mfuko mfu, na anayeuosha anauua. Ngozi haioshwi. Ngozi inalishwa. Na aliyeilisha hii alikuwa Gwenda.

Kila Ijumaa ya pili alipasha asali na mafuta ya nguruwe juu ya moto mdogo, akatia maji kidogo, akaumimina mchanganyiko kwa tundu la bomba, kisha akaukanda mfuko mezani kama unga wa mkate mpaka ngozi ilainike na kushika hewa. Akaumwaga uliobaki, akaining'iniza zumari chumba cha kufulia, penye joto na unyevu, isije ikakauka. Denzil alipoanza kuumwa, aliongeza, akailisha kila Ijumaa. Aliwaza kwamba ngozi laini haimchoshi mpulizaji. Na alipokuwa akikanda, alisali. Hizo ndizo zilikuwa sala zake ndefu.

Marek alikata kamba kwa kisu, akachomoa mbao. Ilitoka kwa shida, ikitoa sauti kama mguu unaotoka matopeni.

Kwanza ilikuja harufu. Harufu ya ghala lililofungwa, ya viazi vilivyosahauliwa. Marek aligeuza uso. Kisha akafungua mdomo wa ngozi kwa vidole viwili, akaugeuzia kwenye mwanga.

Ndani mlikuwa na manyoya. Gwenda aliwaza hivyo kwanza, kwamba ni manyoya ya mbuzi yaliyosahauliwa. Lakini yalikuwa ya kijani na meusi, na mengine meupe marefu kama nywele za mzee, na Marek alipoutikisa mfuko kidogo, vumbi laini lilipanda likaelea juani, halikutaka kuanguka.

"Mama yangu," Marek alisema polepole. "Bosi, hii ni kuvu. Hii ni shamba zima."

Denzil alitazama, akainua mabega. "Kila mfuko una kidogo. Ni ngozi."

"Kidogo? Mimi nimefungua mifereji ya machinjio, bosi, sijaona hivi!"

"Jibini ina kuvu, na wewe unakula, unalamba vidole."

"Nakula! Siivuti kwa pua!"

Gwenda alikuwa akiona miezi minane ikipita mbele yake, mmoja mmoja. Alikumbuka mwezi wa nne, walipokwenda kwa dada yake Denzil pwani kwa wiki tano na zumari ikabaki nyumbani kwa sababu gari lilijaa. Wiki ya tatu Denzil alipanda ngazi za bustani bila kusimama. Walimshukuru Mungu kwa hewa ya bahari. Walirudi, akapuliza siku mbili, na siku ya tatu alikuwa kitandani na homa. Gwenda alidhani ni jitihada ya kupuliza iliyomchosha. Sasa alijua kwamba kila Denzil alipopumzika kati ya kupuliza na kupuliza, mfuko ulimrudishia kidogo cha vilivyomo. Na vilivyomo alivilisha yeye, kwa kijiko, kwa asali ya bei, akisali.

Daktari alikuwa ameushika ufunguo wenyewe mkononi. Gwenda ndiye aliyemwambia mlango hauko.

"Denzil," alisema, "tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Tunakwenda wapi?"

"Ni hiki. Ndicho kinachokuua. Daktari aliuliza."

"Aliuliza ukajibu. Imekwisha." Alimtazama, kisha sauti ikalegea. "Gwen. Saa nane. Onyesho moja tu. Jumatatu nitampigia simu mwenyewe, nitamwambia mpaka jina la mbuzi."

"Kwa nini usitumie filimbi ya mbao?"

"Nani anasimama kwa filimbi? Watapita kama wanakwenda msalani." Alivuta hewa, akaisubiri ifike. "Wakinifungua ubavu Alhamisi, huenda nisiamke. Unalijua hilo, na mimi nalijua. Wiki mbili tunazungukana kama paka. Basi acha nisimame leo mbele ya watu."

Marek alitazama pembeni. Alitoa chupa ya pombe ya plamu mfukoni mwa joho lake, akasema kwa unyonge, "Tunaweza kuisuuza kwa hii. Baba yangu alisuuzia kila kitu, hata kidonda."

Waliisuuza. Maji meusi yakatoka. Waliisuuza tena, yakatoka meusi tena, na chupa ikaisha. Kamba mpya ilihitaji mikono mitatu: Marek avute, Denzil ashike mbao, na mtu wa tatu aweke kidole juu ya fundo lisilegee.

"Weka kidole, Gwen," Denzil alisema.

Aliweka. Baadaye maisha yake yote angekumbuka baridi ya kamba ile chini ya kidole, na kwamba hakuna aliyemshika mkono kwa nguvu. Alimwomba Mungu amzuie, hali yeye mwenyewe angeweza kujizuia.

Saa nane jua lilikuwa limepata nguvu kidogo na watu walikuwa wengi, kwa sababu pambano la mapanga lilikuwa limekwisha na foleni ya nyama ilipita mbele ya tela. Denzil alipuliza. Mfuko haukuvuja. Sauti ilitoka kubwa, ya shaba, ikakata uwanja kutoka ukingo hadi ukingo. Foleni ikageuka. Watu mia moja, labda zaidi. Mtu mmoja aliyevaa chuma alianza kucheza na bibi mwenye fimbo, na watu wakapiga makofi kwa mpigo. Denzil alimgeukia Gwenda kwa jicho moja, jicho la furaha kabisa, na Gwenda akaona kwamba midomo iliyobana bomba ilikuwa na rangi ya bluu.

Aliacha ngoma. Hakuna aliyegundua, maana makofi ya watu yalishika mpigo yenyewe.

Denzil alipiga magoti kwanza. Zumari iliendelea kulia chini ya kwapa lake, kwa maana mfuko bado ulikuwa na hewa, hewa ambayo yeye hakuwa nayo. Kisha akaanguka kifudifudi juu yake, na uzito wake ukaukamua mfuko, ukatoa mlio mrefu unaoshuka, unaoshuka, mpaka ukakata.

Watu waliangua kicheko. Walishangilia. Mtu alipiga mluzi. "Mbuzi kashinda!" kijana mmoja alipiga kelele, na simu zikainuliwa juu kupiga picha.

"Siyo mchezo!" Gwenda alilia. "Jamani, siyo mchezo!" Lakini alikuwa amevaa gauni la miaka mia sita iliyopita, amesimama juu ya jukwaa, na walidhani hayo pia ni maneno ya mchezo. Makofi yaliongezeka. Ni Marek aliyeruka chini, akamnyang'anya mtu wa kwanza simu yake na kumfokea usoni, "Piga ambulensi, wewe! Piga!" Ndipo kicheko kikafa, kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu.

Gari la wagonjwa lilikuwa karibu na geti. Mwanamke wa ambulensi, aliyeandikwa Noeline kifuani, alimlaza Denzil ubavu, akamfunga barakoa ya oksijeni, akabana kidude kidoleni mwake na kukisoma, na uso wake ukawa wa kazi tupu. Walimweka juu ya machela nyuma ya tela. Macho yake yalifunguka. Foleni ya nyama ilikuwa imeanza kusogea tena, lakini watu kama kumi walibaki, akiwemo kijana wa pai, kofia mkononi.

"Ana ugonjwa gani?" Noeline aliuliza. "Anatibiwa wapi?"

Gwenda alitaja jina la daktari. Alitaja makovu. Alitaja Alhamisi.

"Na chanzo? Hawajui?"

Denzil alimtazama mkewe juu ya barakoa. Alitikisa kichwa, kidogo tu. Kisha mkono wake ukainuka ukatafuta kando ya machela, ukitafuta ngozi.

"Ni mfuko ule," Gwenda alisema. "Umejaa kuvu. Anaivuta kila anapopuliza. Utieni kwenye plastiki, mwende nao, wakautazame."

"Gwen," sauti ilisema ndani ya barakoa.

"Marek, ufunge."

"Gwen. Uliahidi."

Ilikuwa kweli, aliahidi, ndani ya gari, wakiwa wawili. Marek alisimama na mfuko mikononi, akimtazama mmoja kisha mwingine, machozi yakimdondoka kwenye ndevu. Kisha akauingiza ndani ya plastiki nyeusi, akafunga fundo. Denzil aligeuza uso upande wa pili. Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hajawahi kumgeuzia uso namna hiyo.

Noeline aliangalia saa. "Mama, tunaondoka sasa."

"Nusu dakika," Gwenda alisema. Alizunguka machela mpaka upande ule alikogeuzia uso, akapiga magoti matopeni ili awe sawa na macho yake. Denzil aliyafumba. Hata hivyo Gwenda alisema, kwa sauti ya kuimbia, ambayo Marek aliisikia, na Noeline, na kijana wa pai na wale waliobaki.

"Ile ahadi ya garini naivunja, na nakupa nyingine, hawa wote wasikie na Mungu asikie. Kabla hawajakugusa kwa kisu nitamwambia daktari kila kitu: swali aliloniuliza, jibu nililompa, na mikono iliyoulisha mfuko ule. Sitaacha hata neno moja. Nichukie, Denzil, lakini utanichukia ukiwa hai."